Akili Nayo Huugua: Kumsindikiza Mama Baada ya Matibabu ya Saratani ya Matiti

Mada iliyosomwa na akina mama waliotibiwa saratani ya matiti katika semina ya kamati za parokia



Sisi ni akina mama tuliotibiwa saratani ya matiti, tukiwa pamoja na wauguzi wawili wanaokilea kikundi chetu. Tumefanyiwa upasuaji, tumewekewa dripu za saratani, baadhi yetu tumepigwa mionzi, na wengi wetu bado tunameza vidonge kila siku. Michango yenu ya nauli, chakula na malazi wakati wa matibabu imetusaidia kufika hapa tukiwa hai. Asanteni sana.

Leo hatukuja kuzungumzia uvimbe. Juu ya uvimbe mmekwisha kusikia mengi, na wengi wenu mnajua kuwahimiza akina mama wajichunguze na wawahi hospitali. Tumekuja kuzungumzia jambo linalobaki baada ya uvimbe kuondolewa, nalo halionekani kwa macho: kusahau, akili kuchoka, wasiwasi na sonona. Tunalileta kwenu kwa sababu limewafanya baadhi ya wenzetu waitwe wavivu, mwingine adhaniwe mwizi, na mwingine aache dawa inayomlinda. Mambo hayo yanazuilika, na sehemu kubwa ya kuyazuia iko mikononi mwa kamati kama zenu.

TATIZO LENYEWE NI LIPI?

Mama aliyemaliza matibabu anaingia jikoni na kusahau alichofuata. Jina la jirani wa miaka ishirini linamkwama mdomoni. Anasoma barua ya shule ya mtoto mara tatu na maana haimwingii. Watu wawili wakizungumza kwa pamoja, anapoteza mkondo wa mazungumzo. Zamani alipika, alimsaidia mtoto hesabu na kupokea mgeni kwa wakati mmoja. Sasa jambo moja tu linamtosha. Katika kikundi chetu tunaliita tatizo hili ukungu, kwa kuwa vitu vipo palepale, ila huvioni vizuri.

Ukungu huu si wazimu, na wala haumaanishi kwamba mtu amerogwa. Wataalamu wanaujua. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walitoa matokeo ya kupiga picha ubongo wa wanawake waliopata dripu za saratani ya matiti miaka 5 hadi 10 nyuma. Wanawake hao walikuwa wachache, lakini picha zilionyesha kwamba walipopewa zoezi la kukumbuka, sehemu ya mbele ya ubongo ilifanya kazi tofauti na ya wanawake ambao hawakupata dripu.

Utafiti mkubwa zaidi wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2017, uliwafuatilia wanawake 581 wenye saratani ya matiti na wengine 364 wasio na saratani. Miezi sita baada ya kumaliza dripu, zaidi ya theluthi moja ya waliotibiwa walieleza kwamba kumbukumbu na umakini wao vimeshuka kuliko kabla ya kuanza. Kwa wale wasio na saratani, waliosema hivyo walikuwa kama mmoja kati ya saba.

Hivyo basi si kila mama hupatwa na ukungu, na wengi wanaopatwa hupata nafuu kadiri miezi inavyopita. Lakini kwa baadhi yetu hubaki miaka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 duniani waligundulika kuwa na saratani ya matiti. Kadiri wagonjwa wanavyowahi hospitali na kutibiwa, ndivyo idadi ya wanaorudi nyumbani inavyoongezeka. Wanarudi kwenye jumuiya zenu, na hawana budi kuishi na kufanya kazi.

CHANZO CHAKE

Watu wengi hufikiri dripu peke yake ndiyo yenye lawama. Dripu ina sehemu yake, lakini wauguzi wetu wametufundisha kwamba sababu ni nyingi na mara nyingi hukaa pamoja.

Ipo sababu ya upungufu wa damu na uchovu wa mwili. Ipo ya kukosa usingizi. Deksamethasoni, ambayo hutolewa pamoja na dripu ili kupunguza kichefuchefu na kuzuia mzio, huweza kumfanya mtu akeshe. Ipo pia ya homoni. Baadhi ya dripu husimamisha hedhi hata kwa mama mwenye umri wa miaka 38, na ghafla anapata joto, jasho la usiku na hasira za karibu. Tamoksifeni, kidonge wanachopewa wengi ambao saratani yao hulishwa na homoni ya kike, nacho huweza kuleta joto hilohilo. Mtu anayeamka mara tano usiku kubadili kanga iliyolowa jasho, asubuhi atakumbuka nini?

Halafu kuna hofu na huzuni. Kila mgongo unapouma, swali ni moja: je, imerudi? Tarehe ya kliniki ikikaribia, usingizi hupotea wiki nzima. Ziwa limeondolewa, nywele zilipotea, fedha zimekwisha, na wapo walioachwa na waume zao katikati ya matibabu. Huzuni ikidumu zaidi ya wiki mbili, mtu akakosa hamu ya chakula, ya watu na ya maisha, huo ni ugonjwa wa sonona, na sonona yenyewe husababisha kusahau. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Sisi tulificha matiti tukajifunza. Tusifiche na akili.

YALIYOTUPATA

Tunaomba tuwaeleze mambo matatu yaliyowapata wenzetu. Majina tumeyaacha.

Mwenzetu wa kwanza alikuwa mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa kwa miaka sita, na hesabu zake hazikuwahi kuwa na kasoro. Miezi mitatu baada ya dripu ya mwisho alirudi kwenye nafasi yake. Katika mkutano wa pili daftari lilionyesha shilingi 20,000 zaidi ya fedha zilizokuwamo sandukuni. Hakuna aliyemwita mwizi mbele yake. Ila njiani watu walisema kwamba ugonjwa una gharama, na mwenye shida hana mwiko. Maneno yalimfikia. Alirudisha funguo, akaacha kuhudhuria kikundi, kisha akaacha kuhudhuria jumuiya, kwa kuwa watu ni walewale.

Baadaye katibu alikaa na vitabu vya wanachama, akalinganisha kimoja kimoja na daftari kubwa. Hisa za mwanachama mmoja zilikuwa zimeandikwa mara mbili siku ileile. Hakuna shilingi iliyopotea. Kikundi kilimfuata nyumbani, kikamwomba radhi, kikamrudishia funguo na kumpa msaidizi: mmoja anahesabu, mwingine anaandika, wote wawili wanatia sahihi. Utaratibu huo ungefaa hata kama hazina ingeshikwa na mtu mwenye afya kamili. Lakini kati ya siku ya maneno na siku ya kuombwa radhi ilipita miezi mitano, na katika miezi hiyo mama yule alitueleza kwamba alitamani bora saratani ingemchukua.

Mwenzetu wa pili ni mwalimu wa shule ya msingi. Kipindi cha mchana alikuwa akisimama ubaoni katikati ya sentensi na kusahau alikoishia, watoto wakicheka. Yeye alimweleza mwalimu mkuu wazi: hiki ndicho ninachopitia baada ya matibabu. Mwalimu mkuu alimpangia vipindi vya asubuhi, akampunguzia zamu kwa mihula miwili. Leo anafundisha ratiba kamili. Daftari la maandalio bado analiandika kwa kirefu kuliko zamani, na anasema wanafunzi wake wamefaidika.

Wa tatu alipewa tamoksifeni. Kwa kawaida kidonge hiki huliwa kila siku kwa miaka 5, na wapo wanaoendelea hadi miaka 10. Kwa sababu ya kusahau, siku nyingine alimeza mara mbili, siku nyingine hakumeza kabisa. Joto la usiku lilipozidi, aliamua mwenyewe kuacha. Alikaa miezi saba bila dawa na bila kumwambia mtu, akiona haya kusema kwamba kidonge kimoja kwa siku kinamshinda. Kidonge hicho hupunguza uwezekano wa saratani kurudi. Kukiacha kimyakimya ni kufungua mlango ambao upasuaji na dripu vilikuwa vimeufunga. Ndugu zake walipomrudisha kliniki, daktari alimsikiliza, akamtibu usingizi na joto, na dawa ikaendelea.

MAMBO YANAYOSAIDIA

Tunasema kweli: mpaka sasa hakuna kidonge kilichothibitishwa kuondoa ukungu huu. Anayewauzia dawa ya kurudisha kumbukumbu anawauzia matumaini. Lakini yako mambo yanayosaidia, na mengi hayana gharama kubwa.

La kwanza ni kwenda kupimwa. Upungufu wa damu, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, sonona na kukosa usingizi vyote hutibika, na vikitibiwa ukungu hupungua. Mgonjwa aende na maelezo: ameanza kusahau lini, anasahau nini, analala saa ngapi, anameza dawa gani, zikiwamo za miti shamba. Hapa pana tahadhari muhimu. Baadhi ya dawa za sonona, kama fluoksetini na paroksetini, huweza kupunguza nguvu ya tamoksifeni. Zipo nyingine zisizo na shida hiyo. Hivyo anayetibiwa sonona amwambie daktari kwamba anatumia tamoksifeni, na asiache dawa yoyote kwa uamuzi wake mwenyewe.

La pili ni mwili kufanya kazi. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kwetu hii ni kutembea kwa mwendo wa haraka nusu saa, siku tano. Anayeanza aanze na dakika kumi. Sisi hutembea wawili wawili jioni, na tumeona kwamba usingizi huja mapema na moyo huwa mwepesi.

La tatu ni kuipunguzia akili mzigo. Daftari moja tu, si vikaratasi kumi. Funguo, kadi ya kliniki na simu vikae mahali pamoja kila siku. Kidonge kiambatane na jambo lisilosahaulika, kama chai ya asubuhi, kisha tarehe itiwe alama kwenye kalenda ya ukutani, ili asimeze mara mbili. Simu ya kitochi nayo ina kengele ya kukumbusha. Mambo mazito ya fedha na maamuzi yafanywe asubuhi, akili ikiwa haijachoka. Moto ukiwa umewashwa, usitoke jikoni.

La nne ni kuzungumza. Mama asiseme tu “nimechoka”. Amweleze mume, watoto na wakwe kwamba hili ni tokeo la ugonjwa na matibabu, na aseme anataka asaidiwe nini. Mtoto wa darasa la tano anaweza kuwa mkumbushaji wa vidonge, tena kwa fahari. Mume anaweza kusindikiza kliniki na kuandika maelezo ya daktari, kwa kuwa mgonjwa akitoka chumbani nusu ya maneno imekwisha kupotea.

Na sala? Sala imetushika mkono siku ambazo hapakuwa na mwingine. Sala na vidonge havigombani. Tunachoomba ni kwamba mama mwenye sonona asiambiwe amekosa imani, na anayesahau asipelekwe kutolewa pepo badala ya kupelekwa hospitali.

DALILI AMBAZO HAZISUBIRI

Ukungu tunaouzungumzia huja polepole na haumtupi mtu chini. Zipo dalili nyingine ambazo ni za haraka: kichwa kuuma kila siku na kuzidi, hasa pamoja na kutapika, degedege, upande mmoja wa mwili kulegea, macho kubadilika, au mtu kuchanganyikiwa ghafla asijue alipo. Saratani ya matiti huweza kusambaa hadi kwenye ubongo, na dalili hizi zinataka hospitali siku hiyohiyo. Aidha, aliye katikati ya dripu akipata homa, asisubiri kesho.

Na mtu akisema hataki tena kuishi, asipuuzwe wala asikemewe. Asiachwe peke yake. Akae naye mtu anayemwamini, ampeleke kwa mhudumu wa afya.

TUNAOMBA NINI KWA KAMATI

Kwanza, orodha ya wagonjwa wa kutembelewa isimfute mama siku anapomaliza dripu. Kwa wengi wetu, wakati wa dripu nyumba ilijaa watu. Miezi mitatu baadaye, ukungu ulipokuwa mzito, palikuwa kimya, kwa kuwa kila mtu alijua tumepona. Tunaomba atembelewe kwa mwaka mmoja zaidi, hata mara moja kwa mwezi. Mtembeleaji aulize maneno matatu: unalalaje, unamezaje dawa, na moyo ukoje.

Pili, msimwondoe mtu katika nafasi yake kwa sababu anasahau. Mpeni msaidizi. Anayeimba kwaya abaki kwaya, ashike kitabu mkononi. Anayeshika fedha ahesabu pamoja na mwenzake. Kikao kiwe na ajenda iliyoandikwa, na maazimio yasomwe mwishoni. Kumpumzisha mtu bila kumwuliza, hata kwa nia njema, ni kumwambia kwamba hafai tena.

Tatu, kila parokia itafute akina mama wawili au watatu wenye subira na wanaotunza siri, wafundishwe kusikiliza. Msiseme kazi hii ni ya wataalamu pekee. Nchini Zimbabwe, mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza na akina bibi 14 wa Mbare, Harare, ambao walikaa kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasikiliza watu wenye sonona, wakiwasaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine. Utafiti wa watu 573 uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita, waliosaidiwa kwa njia hiyo walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo haukuanzishwa kwa ajili ya wagonjwa wa saratani, lakini unatufundisha kwamba bibi aliyefunzwa vizuri na kusimamiwa na wahudumu wa afya anaweza kumwinua mtu. Mfano huo umefika hadi Zanzibar. Akina bibi wa namna hiyo katika parokia zetu wapo.

Nne, tangazeni jambo hili hadharani, kama mnavyotangaza kujichunguza matiti. Mama akisikia kanisani kwamba kusahau baada ya matibabu ni jambo linalojulikana, hatajificha.

NA KWA WAFADHILI WETU

Bajeti nyingi za kumsaidia mgonjwa wa saratani huhesabu safari za dripu na za mionzi, kisha mstari unachorwa. Tunaelewa sababu: fedha ni kidogo na wagonjwa wapya wanangoja. Lakini mama anayemeza kidonge kwa miaka mitano anatakiwa kurudi kliniki katika miaka yote hiyo, na hospitali zenye huduma kamili za saratani ni chache. Kutoka vijijini kwetu hadi Ocean Road Dar es Salaam, Bugando Mwanza au KCMC Moshi, wengine ni safari ya siku nzima ndani ya basi. Anayekosa nauli hukosa dawa, hukosa vipimo na hukosa mtu wa kumweleza kwamba halali usiku.

Tunaomba basi kwamba kila mpango wa kumsaidia mgonjwa uwe na sehemu ya baada ya dripu: nauli ya kliniki za marudio, mafunzo ya wasikilizaji wa parokia, na posho ndogo ya muuguzi atakayewasimamia. Daftari na kalenda tutanunua wenyewe. Mlikwisha kutoa fedha nyingi kuuokoa uhai wa mama huyu. Nauli hii inaulinda uhai uleule.

Ndugu wapendwa, kidole kimoja hakivunji chawa. Daktari ana sehemu yake, familia ina yake, nasi wenyewe tuna yetu, ya kutembea, kuandika na kumeza. Ya kwenu ni kuendelea kubisha hodi baada ya wengine kuacha. Katika kila jumuiya mnayotoka, huenda yupo mama aliyemaliza matibabu mwaka huu au mwaka jana na siku hizi haonekani sana. Tunaomba mkirudi nyumbani mmtafute huyo kwanza.